Bega la Kulia

Chumba cha fundi kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la makufuli, na mchana kutwa sauti ya funguo zikichongwa ilipanda kupitia sakafu, nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi usingizini. Fundi mwenyewe alikuwa ameizoea. Wateja walimwita Bi Chaki, maana hakukosa kipande cha chaki nyuma ya sikio, na mara nyingine alienda nacho hadi sokoni bila kujua. Alikuwa amekata nguo kwa miaka thelathini na mmoja. Minne ya mwisho alikata kwa msaada wa programu ya kompyuta: unaiandikia vipimo vya mtu, nayo inakuchorea patani, unaichapa kwenye karatasi, unaunganisha vipande, unakata kitambaa.

Programu ile haikuwa mali ya kampuni yoyote. Ilitengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, wahandisi, wanafunzi, wastaafu, na yeyote aliyetaka aliweza kuichukua bure, kuifungua ndani na kuirekebisha. Ikimsumbua mtu, aliandika taarifa kwenye ukurasa wao: nilifanya hivi, nilitarajia hivi, kikatokea hiki. Mara moja kwa mwaka walitenga Jumamosi moja, wakaiita Siku ya Marekebisho, na wote wakaingia mtandaoni toka asubuhi hadi jioni kuziondoa hitilafu.

Mwaka ule mratibu wao, mwalimu wa kemia ambaye Bi Chaki alimjua kwa sauti tu, alimpigia simu.

"Taarifa yako ya mwaka jana, ile ya mfuko unaohama," alisema, "ndiyo iliyorekebishwa haraka kuliko zote. Uliandika kama unamwelekeza mtu njia. Nataka utupangie zilizobaki kabla ya siku yenyewe."

"Mimi? Mwalimu, kompyuta naijua kwa kuibonyeza tu. Humo ndani sijui kuna nini."

"Wanaojua cha ndani tunao wengi. Anayejua nguo hatuna. Mtu akiandika kola inavuta, mhandisi anabaki anakuna kichwa. Wewe unajua inavutia wapi."

Akakubali kabla hajauliza ziko ngapi. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa.

Siku ya kwanza alisoma thelathini, kichwa kikamzunguka. Watu waliandika walivyojisikia. Mmoja aliandika "Haifanyi kazi", basi, hata nukta hakuweka. Mwingine alijaza kurasa tatu akianzia harusi ya binti yake. Wa tatu alidai sketi imetoka na viuno viwili. Bi Chaki akashika tama akitazama kioo cha kompyuta kikififia chenyewe kwa kuachwa.

Aliyemwokoa ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuja kila siku saa nne kunywa chai na kumchokoza. Wifi alikuwa mstaafu wa posta. Miaka kumi na minne alisambaza barua kwa miguu, mkoba begani, kisha akaingizwa ndani kuzipanga, akazipanga mpaka alipostaafu.

"Wifi, leo una uso wa mtu aliyekata kitambaa cha mteja juu chini," alisema, akivuta kiti.

Bi Chaki akamweleza. Wifi akasikiliza huku akipuliza chai.

"Kwa hiyo unazisoma zote, moja moja, neno kwa neno?"

"Nizifanyeje, nizinuse?"

"Hapo ndipo ulipojichosha. Kwanza unaangalia bahasha. Inakwenda wapi? Ina anwani au haina? Ni ya mtu mmoja na ile ya jana? Ukishaipeleka kwenye kisanduku chake, ndipo unakaa kitako na kusoma."

Visanduku hawakuwa navyo. Walikuwa na mabaki ya karatasi za patani, gunia zima, na uzi mnene, na vibanio vya nguo. Wakakata karatasi vipande vyembamba, wakaandika juu ya kila kimoja namba ya taarifa na mstari mmoja wa kilichomsibu mtu, wakazitundika kwenye nyuzi walizovuta toka dirishani mpaka kabatini. Zilizozungumzia jambo moja zilibanwa pamoja. Zile zisizo na anwani, kama alivyoziita wifi, yaani zilizokosa maelezo ya kutosha, zilikaa karibu na mlango zikisubiri Bi Chaki awaandikie wenyewe kuwauliza. Zingine hazikuwa hitilafu, yalikuwa matamanio tu, mtu anaomba programu imchoree kofia. Hizo walizipandisha uzi wa juu kabisa, ambako upepo wa dirishani ulizichezesha siku nzima. Na zile ambazo Bi Chaki alizijaribu kwa mkono wake na kosa likatokea mbele ya macho yake, walizipanga juu ya meza ya kukatia. Ndogo ndogo, ambazo hata mgeni wa kazi angeziweza, wifi alizifunga kipande cha uzi mwekundu.

Siku zikaenda namna ya ajabu baada ya hapo, polepole na upesi kwa pamoja. Asubuhi Bi Chaki alishona, mchana alipanga. Mvuke wa pasi ulipanda ukalegeza karatasi, zikainama zote upande mmoja, kisha zikakauka na kuinuka tena. Jua lilipoingia saa nane lilipita katikati ya vipande na kutupa vivuli vyake ukutani, na wifi, akisinzia kitini, alisema chumba kinapumua.

Alasiri moja Bi Chaki naye alipitiwa na usingizi, kichwa juu ya mkono, mkasi pembeni. Akaona chumba kimejaa watu. Walikuwa wamesimama kimya kwenye foleni iliyoteremka ngazi mpaka barabarani, kila mmoja amevaa nguo ambayo haijaisha. Mwanamume mwenye mkono mmoja wa shati. Bibi harusi ambaye pindo la gauni lake lilienda likaishia hewani. Mwanamke mwenye viuno viwili, ametulia, hana shida na mtu. Hakuna aliyelalamika. Walimtazama tu, kama watu wanaojua kwamba watahudumiwa. Nyuma kabisa alisimama mtu ambaye hakumwona vizuri, ila aliona koti lake limekaa vibaya mabegani, na mtu huyo, tofauti na wengine, alikuwa anageuka kuondoka.

Alipozinduka, chai ya wifi ilikuwa bado inafuka.

"Ulikuwa unaongea," wifi akasema. "Ulikuwa unamwambia mtu asubiri."

Siku ya tisa walifika kwenye taarifa zilizokwisha kufungwa. Mratibu hakuwa amewaomba hizo. Wifi ndiye aliyetaka kuziona. Alisema posta nako kulikuwa na rafu ya barua zilizokosa mwenyewe, na kila mwaka aliipitia, na kila mwaka alikuta ambayo mwenyewe alikuwepo.

Wakaikuta moja ya miaka miwili nyuma. Aliyeandika alijiita Pacha. "Nashona kwa ajili ya dada yangu tu," aliandika. "Tulizaliwa pamoja. Mgongo wake umepinda na bega lake la kulia liko chini. Nimempima pande zote mbili kwa uangalifu. Patani iliyotoka ina mabega sawa. Nimekata koti mara mbili, mara zote mbili halimkai." Chini yake mhandisi mmoja alijibu: "Nimejaribu, kwangu mabega yanatoka tofauti kama inavyotakiwa. Bila shaka ulipima vibaya. Nimefunga." Pacha hakujibu tena.

Bi Chaki akarudia kusoma. Kisha akainuka, akaenda kwenye nyuzi, akaanza kubandua. Kola inavuta upande. Mkono wa kushoto umekaa juu. Koti la baba linaning'inia mgongoni. Vipande sita, kutoka nyuzi tatu tofauti.

"Hizi zote ni barua moja," wifi akasema, akizipanga kwenye kiganja. "Mwandiko tu ndio mbalimbali."

"Inawezekana. Au watu sita wamepima vibaya. Lazima nijaribu kwa mwili wa mtu, wenye vipimo ninavyoviamini." Akasita kidogo. "Hebu simama, wifi."

Wifi akasimama, mikono chini. Bi Chaki akampitishia futi toka ncha ya bega mpaka kiunoni, kushoto, kisha kulia. Akaandika. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye kompyuta wifi alipoinama juu ya karatasi, na macho ya mtu wa posta hayakosi namba.

"Kushoto arobaini na moja. Kulia thelathini na tisa na nusu. Umekosea."

"Sijakosea."

"Pima tena."

"Wifi, sijakosea. Ni mkoba. Miaka kumi na minne upande mmoja."

Wifi akaenda kwenye kioo kirefu. Akajitazama, akajigeuza. Gauni lake lilikuwa limekaa sawasawa, mabega mstari mmoja.

"Mbona silioni?"

"Kwa sababu natia mto ndani. Mdogo, chini ya bitana. Kwenye kila nguo niliyokushonea."

"Toka lini?"

"Toka niolewe kwenu."

Chini, mashine ya funguo ilinyamaza, na chumba chote kikabaki na sauti ya karatasi tu. Wifi alivaa viatu vyake taratibu, wa kushoto, wa kulia.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanidanganya."

"Nilikuwa nakushonea."

Wifi akashuka ngazi, na Bi Chaki akazihesabu hatua zake mpaka zilipofika mtaani.

Alibaki amekaa muda mrefu kabla ya kuandika vile vipimo. Aliviandika kwa sababu mikono ilitaka kazi. Programu ikachora, na patani ikatoka safi kabisa, bega moja juu, jingine chini, kama alivyompima. Basi mhandisi alisema kweli. Pacha alipima vibaya, na yeye amemuumiza wifi yake bure. Akahifadhi kazi, akaenda kuchemsha maji. Maji hayajachemka, umeme ukakatika.

Ulirudi baada ya saa nzima. Akawasha kompyuta, akafungua kazi ya wifi aichape, iwe imekwisha. Mabega yalikuwa sawa.

Akafikicha macho. Akafungua ukurasa wa vipimo: kushoto arobaini na moja, kulia arobaini na moja. Hakuwa ameandika hivyo, na karatasi yenye thelathini na tisa na nusu ilikuwa hapo mezani. Akarekebisha, akahifadhi, akafunga, akafungua. Arobaini na moja pande zote. Akarudia mara nne, kila mara ile namba ya kulia ikiyeyuka gizani na kurudi imevaa sura ya mwenzake. Ukichora papo hapo ilikuwa sahihi. Ukifunga na kufungua tena, ilipotea. Na nani anapima na kukata siku hiyo hiyo? Watu hupima leo, wakakata kesho.

Aligeuka kumwambia wifi, akakumbuka kiti ni kitupu.

Akaandika taarifa upya, hatua kwa hatua, akaziunganisha zile saba, akaifungua ile iliyofungwa. Kisha akamwandikia Pacha barua fupi: kwamba yeye ni fundi, kwamba anaamini vipimo vyake, na kama bado anavyo angependa kuviona.

Siku mbili wifi hakuja. Bi Chaki alipanga peke yake, na kazi ikawa nzito kama kushona turubai. Alimtumia ujumbe, haukujibiwa. Mumewe alisema dada yake yuko salama, ila amejifungia na mkasi mdogo na hataki kuulizwa.

Siku ya tatu, saa nne kamili, hatua zikasikika ngazini. Wifi aliingia na mfuko, akaumimina juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa mito ya bega, midogo, ya kila kitambaa, mingine imepauka, mingine bado mipya. Kila mmoja ulikuwa umeshonwa pembeni kwa mishono myembamba isiyoonekana.

"Kumi na saba," wifi akasema. "Nimefumua nguo zote nilizobaki nazo. Nimeitazama hii mito siku mbili, wifi. Huu hapa una maua upande wa ndani, mahali ambapo hakuna ambaye angeyaona. Ulitia maua ya nini?"

"Kilikuwa kipande kizuri. Nikaona nisikipoteze."

"Sijui nikushukuru au nikusute."

"Anza kunisuta."

Wifi akamsuta, kwa utulivu, kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Alisema mtu ana haki ya kujua bega lake. Alisema ule mkoba aliubeba yeye, katika mvua na jua, na alama uliyomwachia ni yake. Bi Chaki aliitikia kila neno bila kujitetea. Alipomaliza, wifi alifuta macho kwa mmoja wa ile mito, akaona alichofanya, wakacheka wote wawili.

"Haya, ile barua ya mabega umeipeleka wapi?" akauliza.

Bi Chaki akamwonyesha. Wifi akasoma hatua zote, kidole kikifuata mistari.

"Hapa umeandika mteja mmoja. Andika msambaza barua. Wajue bega limetoka wapi."

Jibu la barua aliyoandikiwa Pacha lilikuja siku ya kumi na sita, na halikutoka kwake. Liliandikwa na dada yake, mwalimu wa hisabati. Kaka yake aliacha kushona, alisema. Baada ya kuambiwa kwamba alipima vibaya alikunja koti la pili, akafunga cherehani kwenye shuka, akasema mikono yake si ya kuaminika, na hakuigusa tena. "Mimi sikuamini, maana nilikuwepo akinipima," aliandika. "Futi ilikuwa baridi na alirudia mara tatu. Vipimo vyake ninavyo. Na nimejipima upya jana, mume wangu akishika futi. Ni vilevile." Namba zilifuata, safu mbili, zimepangwa kama hesabu za ubaoni.

Siku ya Marekebisho ilianza na mvua nyembamba. Bi Chaki na wifi walikaa mbele ya kompyuta, na kutoka kwenye kioo sauti zikaanza kuingia moja moja, watu wakiamkiana, vijiko vikigonga vikombe, jogoo wa mtu akiwika kwa mbali. Mratibu aliwaeleza wote kwamba mwaka huu hakuna haja ya kutafuta cha kufanya, kazi imeshapangwa. Wageni wachukue za uzi mwekundu. Kwa saa kadhaa ilikuwa kama kusikiliza mtaa mzima ukishona. Mtu anasema nimemaliza hii, mwingine anaitikia naijaribu, na wifi anabandua kipande mezani na kukitumbukiza kwenye boksi.

Zamu ya mabega ilipofika, sauti moja ikasema, "Hiyo niliifunga mimi."

Alikuwa mhandisi waliyemwita Miwani.

"Nilijaribu mara moja, nikachora, ikawa sawa," akasema. "Sikuwahi kufunga na kufungua tena. Nipeni mimi niirekebishe."

Alitafuta mpaka saa saba. Kosa lilikuwa mstari mmoja tu, wa zamani sana, ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka kwenye mradi. Ili kuhifadhi kazi katika nafasi ndogo, programu ilitunza nusu ya mwili na kuirudufu ilipofunguliwa. Baadaye watu waliongeza sehemu ya kuandika kila upande peke yake, ila mstari ule hakuna aliyeukumbuka. Kuutoa ilikuwa rahisi. Kuhakikisha kwamba kazi za zamani za watu haziharibiki kulimchukua Miwani hadi saa kumi, watu wanne wakimsaidia. Ndipo akamwomba Bi Chaki ajaribu.

Akaandika vya wifi. Akahifadhi, akafunga. Chumba kizima kikasubiri, na vyumba vya mbali navyo. Akafungua. Arobaini na moja. Thelathini na tisa na nusu.

"Imekaa," akasema.

Mtu mmoja alishusha pumzi karibu sana na kipaza sauti chake. Miwani akauliza kama anaweza kupata anwani ya Pacha, ana jambo la kumwambia ambalo halifai kuandikwa mbele ya watu.

Wiki iliyofuata Bi Chaki alimkatia wifi blauzi kwa patani ile, bila mto. Wifi akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Kitambaa kilifuata bega mpaka chini lilipoishia, hakikuvuta wala kupwaya popote. Alijitazama muda mrefu, mwanga wa dirishani ukimpitia begani na kuteleza.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

"Si mbaya," wifi akasema, akafunga kifungo cha juu.

Walikuwa bado kwenye kioo simu ilipolia, namba isiyojulikana. Sauti ya mwanamume, ya pole, ikajitambulisha kwa jina ambalo Bi Chaki hakuwahi kulisikia, kisha ikasema, "Mimi ndiye kaka wa mwalimu wa hisabati." Nyuma yake alisikia cherehani ikisimama, na mwanamke akiuliza kama ndiye.

Alisema Miwani amemwandikia. Alisema asante, ikaonekana alikuwa ameandaa maneno mengine na yamempotea. Bi Chaki hakumharakisha.

"Nimekata tena," mwishowe akasema. "Lile lile koti. Sufu nzito, ya kijivu. Nataka kukuuliza, maana mikono imesahau. Kwenye kwapa la upande ulioshuka, niache nafasi kiasi gani?"

"Anainua mkono sana?"

"Anaandika ubaoni kutwa."

"Basi ngoja nikae chini," Bi Chaki akasema, akivuta kiti. "Chukua kalamu. Ubao wenyewe uko juu kiasi gani?"